Naomba ushauri: vikombe 3 vya unga ni gramu ngapi?

MamaK_Kirumba
Habari za jioni wapendwa. Naoka keki nyumbani hapa Kirumba, Mwanza, kwa sufuria na mkaa. Jumamosi nina keki ya kipaimara ya mtoto wa jirani yangu, na sitaki kumwangusha mama wa watu. Ya majaribio niliyooka jana imetoka kavu, ukiikata inapukutika yote. Vipimo nilivyopewa: unga wa ngano vikombe 3, sukari kikombe kimoja na nusu, maziwa kikombe kimoja, siagi gramu 250, mayai 5. Nilipimia kikombe chetu cha chai. Mizani sina. Kikombe ni gramu ngapi jamani?

BabaIgoma
Gramu 250 dada.

JikoPasiansi
Hapana kaka, hayo ni maji. Kikombe cha mapishi ni mililita 250, uzito unategemea umetia nini. Unga gramu 125 hivi, sukari 200, mafuta 230. Nenda soko la Mwaloni ubebe sado (kile kindoo cha kupimia) ya dagaa wakavu, kisha ubebe ya mchele, mkono wenyewe utakwambia. MamaK, chukua chupa ya maji ya nusu lita, mimina kwenye hicho kikombe chako utuambie.

MamaK_Kirumba
Nimejaribu. Kimejaa mara moja, nikakimwaga nikatia maji yaliyobaki kwenye chupa, yamefika juu kidogo ya nusu ya kikombe.

JikoPasiansi
Basi kinaingia kama mililita 320, na hapo ndipo keki ilipoharibikia. Unga ulifika gramu 480 badala ya 375. Siagi na mayai hukupimia kikombe, kwa hiyo vikabaki vilevile na unga ukavizidi. Ungekuwa umepimia kila kitu kikombe hichohicho, usingeona tofauti.

ShangaziNansio
Mwanangu, na unga unauchotaje? Ukizamisha kikombe kwenye mfuko unashindiliwa, unazidi bila wewe kujua. Uchote kwa kijiko, umimine taratibu, juu usawazishe kwa mgongo wa kisu. Mimi kabla sijapata mizani nilikuwa nafungua pakiti ya kilo, namwaga kwenye sinia, nagawa mafungu 8 yaliyo sawa. Chukua matatu. Sukari ya kilo igawe mafungu 5, uchukue moja na nusu.

MamaK_Kirumba
Shangazi, Mungu akubariki. Mafungu yangu matatu nimeyapeleka dukani, muuzaji akayaweka kwenye mizani: gramu 380! Nimeoka tena leo Alhamisi, imeumuka hadi ukingo wa sufuria na inakatika vipande safi. Maji ya nusu lita nimeyagawa kwenye glasi mbili zinazofanana, yakalingana, nikachora mstari kwa kalamu kwenye glasi moja pale yalipoishia, sasa ndiyo kikombe changu cha mililita 250. Nimewakataza watoto wasiiguse.