Bima ya kulazwa: niongeze raida au nibaki na mkataba wa kawaida?

NgaoMpya
Wakuu habari zenu. Nina bima ya kulazwa, huu mwaka wa tatu, mwezi ujao nahuisha. Jana wakala kanipigia ananiambia niongeze raida, yaani nyongeza ya kulipia juu ya mkataba wa kawaida, ili nikilazwa nisitoe hela mfukoni, premiamu (ada ninayolipa bima) itapanda karibu theluthi. Mi nilidhani bima inalipa yote, kumbe kuna kiasi cha mwanzo natoa mwenyewe halafu bili inayobaki nachangia tena 10%. Kaniletea raida nne: ya kupunguza hayo makato, ya posho ya kila siku ukiwa wodini, ya magonjwa makubwa na ya ajali. Nina mke na mtoto, na mama yangu yumo kwenye mkataba huohuo, ana presha. Zote siziwezi. Ipi nichukue?

HesabuKwanza
Mkuu usianze na raida, anza na hela inakotokea. Chukua bili ya 100. Kiasi cha mwanzo tuseme ni 10, unalipa wewe. Inabaki 90, asilimia 10 yake ni 9, wewe tena. Umeshatoa 19 na bado hatujagusa vitu ambavyo hawalipii kabisa. Raida ikifuta ile 10 ya mwanzo na kushusha mchango uwe 5% ya bili nzima, unatoa 5.

Sasa muulize wakala kitu kimoja tu, huo mchango wangu una kikomo kwa mwaka au hauna? Maana 5% ya kulazwa siku mbili utaitafuta utaipata, ila 5% ya wiki tatu ICU inaweza kukuuzisha kiwanja. Kama una kikomo, mi ningechukua hiyo kabla ya zingine zote. Kile kiasi cha mwanzo ukiweza kukiwekea akiba taratibu, wala usilipe premiamu ya kukifuta kila mwaka.

MamaWawili
Naongezea la chumba kwasababu lilinikuta. Mume wangu alifanyiwa opresheni tukachukua chumba cha peke yake, mkataba ulikuwa na limiti ya chumba iko chini ya bei ile, nikajua nitaongezea tofauti ya kitanda basi yameisha. Siku ya kuruhusiwa nimesimama dirishani na bili ya kurasa nne naona ada ya daktari imekatwa, thieta imekatwa, dawa ya usingizi imekatwa, nauliza naambiwa limiti yenu ni 60% ya bei ya chumba mlicholala kwahiyo na hivyo vingine tunalipa 60%. Ukurasa wa mwisho glovu, sindano, pamba, mrija wa oksijeni, kila kimoja na mstari wake, hakuna hata kimoja kilicholipwa. Nilikaa kwenye benchi nikalia.

Raida ya makato peke yake isingeniokoa pale. Nilihitaji ya kuondoa limiti ya chumba na ya vifaa vya kutumia na kutupa. Kwenye zako nne sioni hata moja ya hivyo, muulize kama wanazo.

NgaoMpya
Pole sana dada yangu, hilo la chumba sikulijua kabisa, naenda kuangalia leoleo. Na mama je? Nikiongeza raida sasa akalazwa kwa presha mwezi unaofuata, itafanya kazi?

DawatiLaKlemu
Nimekaa kwenye klemu, yaani madai ya malipo ya bima, miaka mingi kidogo. La mama usilichukulie poa. Raida mara nyingi ina muda wake wa kusubiri kabla haijaanza kulipa, haijalishi mkataba mkubwa una miaka mitatu, na ugonjwa uliokuwepo kabla unaweza kuwekewa muda mrefu zaidi au kutolewa kabisa. Iandike presha yake kwenye fomu hata wakala akikwambia acha tu, nimeona klemu zikikataliwa kwa jambo hilo, familia imekaa mbele yangu na mimi sina cha kuwafanyia.

Posho ya siku ni hela ya kudumu, bili iwe kubwa iwe ndogo unapata ileile, inasaidia nauli na siku ambazo hukwenda kazini ila bili haipungui. Ya magonjwa makubwa unapewa mkupuo ugonjwa ukithibitishwa, soma maana ya ugonjwa walivyoiandika wao, saratani ya hatua za awali mara nyingi haimo au inalipwa kidogo.

Na usitafute raida ya kulipa sifuri. Singapore mwaka 2018 serikali ilitangaza raida mpya lazima zimwachie mgonjwa angalau 5%, maana watu wakiwa hawalipi chochote bili zinapanda, na premiamu zinawafuata wote.

NgaoMpya
Asanteni sana. Nimeufungua mkataba, limiti ya chumba ipo ukurasa wa 11, maandishi madogo. Kesho namwandikia wakala nataka majibu kwa maandishi: kikomo cha mchango, chumba, vifaa, na muda wa kusubiri wa mama. Posho na ajali naziacha kwanza.