Programu za grafiki zisakinishwe wapi: /usr, /usr/local au /opt? (Debian 12, mashine 30)

mwalimu_wa_lab (Mbale):
Habari zenu wakuu. Lab ya shule ina mashine 30 za mitumba, Core i5 za kizazi cha 3 na cha 4, RAM GB 8, SSD ya GB 120. Zote zina Debian 12. Patisheni ya / ina GB 25, nafasi iliyobaki ni ya /home. Tunahitaji LibreOffice, QGIS (ramani), Inkscape (michoro) na Blender (3D). Blender ya Debian ni 3.4, mimi nataka 4.2.

Kitabu tulichonacho maktabani kinasema programu za grafiki zina folda yake, /usr/X11R6. Mwenzangu anasema kila kitu kiende /usr/local. Mwingine anasema tuziweke kwenye seva, mashine zote zisome kutoka huko. Lipi ni sahihi? Data ni ghali, kwa hiyo sitaki kupakua mara mbili.

fundi_jinja:
Mwalimu, hiyo /usr/X11R6 iache. X ni mfumo unaochora madirisha kwenye Linux; toleo lake X11R7.0 lilipotoka Desemba 2005 ilikatwa vipande vipande, na Debian ikahamishia mambo ya X kwenye /usr kama programu nyingine yoyote. Leo kuwa na dirisha hakuipi programu folda yake. Kinachoamua mahali ni nani atakayeiboresha na kuiondoa.

/usr ni ya apt, kisakinishi cha Debian. LibreOffice, QGIS na Inkscape zichukue kwa apt, basi. Usiguse /usr kwa mkono. Ukikompaili kitu (ukikijenga mwenyewe kutoka msimbo wake) na `--prefix=/usr` kisha `sudo make install`, unafuta faili ambazo dpkg (inayofanya kazi chini ya apt) inadhani ni zake. Siku ya `apt upgrade` zinarudishwa nusu, na unabaki na programu yenye laibrari (faili za msimbo ambazo programu hushirikiana) za matoleo mawili.

Kwa data, seva moja iwe na `apt-cacher-ng`. Kwenye kila mashine andika faili /etc/apt/apt.conf.d/01proxy yenye mstari huu:

`Acquire::http::Proxy "http://192.168.1.10:3142";`

(weka anwani ya seva yako). Kifurushi kinapakuliwa mara moja, mashine 29 zilizobaki zinakipata kwenye lab. Hakikisha sources.list inatumia http, kwa sababu https kwa kawaida hairuhusiwi kupita hapo na apt itakataa.

mkompaili:
Naongezea kuhusu /usr/local, maana hapo ndipo lab nyingi huharibika bila mtu kujua sababu.

Fungua /etc/ld.so.conf.d, yenye orodha ya folda ambamo mfumo hutafuta laibrari. Utakuta libc.conf, ndani yake /usr/local/lib, na x86_64-linux-gnu.conf yenye folda za Debian. Faili hizo husomwa kwa mpangilio wa alfabeti, kwa hiyo /usr/local/lib inatangulia. Sasa kompaili programu moja iliyokuja na libpng (laibrari ya picha) au GTK (ya madirisha) yake, iweke /usr/local, endesha `ldconfig` ili orodha isomwe upya. Kuanzia hapo SI programu hiyo tu inayotumia laibrari mpya. Kila programu ya grafiki inayotafuta jina hilo inaipata hiyo kwanza. Inkscape ya apt, ambayo hujaigusa, inakataa kufunguka na terminali inaandika "symbol lookup error". Ukiisakinisha upya kwa apt haisaidii, kwa sababu kosa haliko kwenye Inkscape. Angalia hivi:

`ldd /usr/bin/inkscape | grep /usr/local`

Ikirudisha mstari wowote, umempata mkosaji.

Kwa hiyo programu kubwa ya grafiki inayobeba laibrari zake ipe nyumba yake: /opt/jina-toleo. Na folda ya lib iliyo humo USIIINGIZE kwenye ld.so.conf, la sivyo umerudia kosa lile lile kwa anwani nyingine. /usr/local ibaki kwa skripti zako na vitu vidogo.

fundi_jinja:
Sahihi kabisa. Blender 4.2 basi:

`sudo tar -xf blender-4.2.0-linux-x64.tar.xz --no-same-owner -C /opt`
`sudo ln -sfn /opt/blender-4.2.0-linux-x64 /opt/blender`

Usiruke `--no-same-owner`. Root akifungua tar bila hiyo, faili zinabaki na namba ya mtumiaji ya aliyezipakia, na kama namba hiyo ni 1000, mwenye akaunti ya kwanza kwenye mashine anaweza kuzibadilisha. Kile kiungo /opt/blender ndicho kitakachokuokoa baadaye: toleo jipya likisumbua, unakielekeza kwenye folda ya zamani kwa sekunde moja.

Ila kabla ya kupakua (ni zaidi ya MB 300), endesha `glxinfo -B` kutoka mesa-utils. Blender 4.2 inataka OpenGL 4.3 (kiwango ambacho programu hutumia kuchora kwa kadi ya grafiki). Grafiki za Intel za kizazi cha 3, HD 4000, zinaishia OpenGL 4.2. Mashine hizo ziachie Blender 3.4 ya apt, yenyewe inaridhika na OpenGL 3.3. Kizazi cha 4 zinaweza.

mwalimu_wa_lab:
Asante sana. Nimejaribu kwenye mashine moja ya kizazi cha 4. Kwa terminali inafunguka, lakini kwenye menyu haipo.

mkompaili:
Menyu haisomi /opt. Inasoma folda ya applications ndani ya ~/.local/share, /usr/local/share na /usr/share. Fanya:

`sudo mkdir -p /usr/local/share/applications`
`sudo cp /opt/blender/blender.desktop /usr/local/share/applications/`

Kisha uihariri: `Exec=/opt/blender/blender %f` na `Icon=/opt/blender/blender.svg`. Njia kamili kwenye Icon inakuepusha na mambo ya kashe ya aikoni.

seva_arua:
Kuhusu kusoma kutoka kwenye seva kwa NFS (njia ya kutumia folda ya seva kupitia mtandao): inawezekana, lakini piga hesabu. Blender ikihitaji kusoma MB 200 ili ifunguke, mashine 30 ni GB 6. Seva iliyo kwenye swichi ya megabiti 100 inatoa kama MB 12 kwa sekunde, yaani zaidi ya dakika 8 wanafunzi wakitazama kioo. Kwa gigabiti ni kama dakika moja. Na umeme ukikatika kwenye seva huku mashine ziko kwenye UPS, programu zinaganda na hata `kill -9` inaweza isizitoe hadi seva irudi.

Seva iwe ghala tu. Usiku sambaza kwa:

`rsync -a --delete /opt/blender-4.2.0-linux-x64/ root@mashine07:/opt/blender-4.2.0-linux-x64/`

Mkwaju (/) wa mwisho uwepo pande zote mbili. Ukiusahau upande wa kushoto utapata folda ndani ya folda.

Na mtu akikushauri Flatpak (njia nyingine ya kusakinisha programu, nje ya apt): kwa kawaida inakaa /var/lib/flatpak, yaani kwenye ile / yako ya GB 25, na runtime zake (mafungu ya laibrari ambayo programu zake huhitaji) zinaimaliza upesi. `--user` ni mbaya zaidi kwa lab, kila mwanafunzi anabeba nakala yake kwenye /home. Ukilazimika, tengeneza /etc/flatpak/installations.d/lab.conf:

`[Installation "lab"]`
`Path=/home/flatpak`

kisha tumia `flatpak --installation=lab install ...`. Folda hiyo iwe ya root.