Kozi ya uandishi wa hadithi ukiwa nyumbani: kuna aliyesoma akafaidika?

Mkata_Tiketi

Wakuu, heshima kwenu.

Mimi nakata tiketi kwenye ofisi ya basi hapa Njombe. Mabasi ya alfajiri yakishatoka, abiria wa mchana wanachelewa kuja, na muda huo ndio naandikia. Nina kaunta buku zimejaa hadithi fupi. Msomaji wangu ni mdogo wangu peke yake, na kila nikimpa anarudisha na "kali sana bro". Nimechoka na hiyo kali sana.

Nataka nisome uandishi kabisa, ila kazi siwezi kuacha, kwa hiyo iwe kozi ya kusomea nyumbani. Nimezunguka mtandaoni nimebaki na mbili. Moja ni ya Uingereza: unatumiwa masomo, unaandika zoezi, unamtumia mkufunzi wako anakujibu. Ada yake ukiibadili kwa shilingi inameza mshahara wangu wa miezi minne, ingawa wanaruhusu kulipa kidogokidogo. Nyingine inaendeshwa na kocha mmoja kwenye grupu la WhatsApp, elfu hamsini tu, na anaahidi ndani ya siku 30 unatoka na kitabu na cheti.

Kiingereza changu ni cha kuombea maji. Naomba mnijuze: kuna mtu humu kasoma kozi za aina hii akaona tofauti? Na hicho cheti kina maana yoyote ukienda kwa wachapishaji?

Nawasilisha.

Kiroboto_wa_Magomeni

Mkuu uandishi ni kipaji, haufundishwi. Babu zetu walitunga tenzi bila cheti cha mtu. Hiyo hela nunua riwaya usome, na chenji ya chipsi mayai itabaki.

Bi_Mhariri

Kiroboto, hao babu zetu walifundishwa, tena kwa ukali. Kijana aliyetaka kutunga alipeleka beti zake kwa mtunzi mzee, akaambiwa mizani haijatimia, kina kimepotea, rudi kaandike. Baadaye wakahamia magazetini. Mambo Leo lilianza 1923, na washairi wakawa wanajibizana humo mbele ya wasomaji wote. Shule ndiyo hiyo, haina jengo tu.

Mkata_Tiketi mwanangu, nimehariri miswada miaka mingi kabla ya kustaafu, kwa hiyo nianze na cheti. Hakuna atakayekuuliza. Mswada ukifika mezani tulisoma kurasa chache za mwanzo, na hizo ndizo zilizoamua. Wapo waliobandika vyeti juu ya mswada. Tulivitoa tukaweka pembeni ili tuone sentensi ya kwanza.

Sasa jiulize hiyo ada inanunua nini. Masomo yenyewe yapo bure. Open University ya Uingereza wana tovuti inaitwa OpenLearn, na ndani yake kuna somo la kuanza kuandika hadithi ambalo hulipii hata senti. Ni la Kiingereza, ndiyo, lakini utalisoma taratibu na kamusi pembeni, hakuna anayekukimbiza. Kinachouzwa ghali ni mtu wa kukaa na kazi yako akakwambia ilipolegea. Waliosoma na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima kwa njia ya posta wanajua ninachosema: kijitabu kinakuja, unajibu, unatuma, kinarudi kimechorwa kalamu nyekundu. Kijitabu ungeweza kuazima kwa jirani. Ile kalamu nyekundu hukuweza kuazima.

Kwa hiyo kabla hujalipa mtu yeyote, mwombe akuonyeshe ukurasa mmoja wa kazi ya mwanafunzi aliousahihisha, jina amelifuta. Ukurasa huo utakwambia kuliko tangazo lote. Kama pembeni pameandikwa "safi sana, endelea hivyo", basi huyo ni mdogo wako, ila huyu anatoza elfu hamsini. Na hicho kitabu cha siku 30, muulize hakimiliki inabaki kwa nani na nani analipia uchapaji. Nimeona vijana wakinunua nakala za vitabu vyao wenyewe kwa bei ya dukani.

Hao wa Uingereza, soma masharti yao ya malipo mpaka mwisho. Ukiishia njiani, unadaiwa kilichobaki au hudaiwi? Halafu uliza kama mkufunzi anasoma Kiswahili. Kama hasomi, utamtafsiria hadithi zako, naye atasahihisha tafsiri.

Msomi_Kisauni

Habari ndugu. Nikiwa hapa Mombasa nililipia kozi ya hao wa ng'ambo, sitaitaja. Bi Mhariri yuko sawa kuhusu lugha, lakini nisingesema haina faida. Mkufunzi wangu hakujua matatu ni nini, ila aliona kitu ambacho rafiki zangu wote hawakukiona: wahusika wangu walikuwa wakiambiana mambo ambayo wote wawili wanayajua tayari. "Kama unavyojua, baba yetu alifariki mwaka jana." Nani humwambia dadake hivyo? Tangu hapo nikiandika mazungumzo nayasoma kwa sauti, na ugonjwa huo nauona mapema.

Jambo jingine ni tarehe za kuwasilisha. Ukishalipa unaandika hata ukiwa na homa. Lakini mimi nilikuwa naandika Kiingereza tangu mwanzo. Kwa Kiswahili nisingelipa pesa hizo. Kisha kumbuka gharama za benki za kubadilisha fedha, hazionyeshwi kwenye ile bei nzuri iliyoandikwa juu.

Bi_Mhariri

Hapo kwenye tarehe nakuunga mkono. Na tarehe za bure zipo. Kuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Ilianza kutolewa 2023, na mshindi wa kwanza alipewa shilingi milioni 10. Kuna pia tuzo ya fasihi ya Kiswahili ya Safal-Cornell, ambayo ilianza 2014 ikiitwa Mabati-Cornell, na wanapokea miswada ya Kiswahili ambayo haijachapishwa. Kwa hiyo ya pili, mwombaji wa Njombe na wa Mombasa wote wanaruhusiwa. Fuatilia matangazo yao, chagua tarehe moja ya mwisho wa kupokea miswada, uandikie hiyo.

Mkata_Tiketi, weka hapa aya yako ya kwanza. Nipo nyumbani, kuku nimeshalisha.

Mkata_Tiketi

Shikamoo mama. Naogopa ila naweka:

"Ilikuwa ni siku ya Jumatatu asubuhi na mapema ambapo jua lilikuwa likichomoza kwa madaha huku ndege wakiimba nyimbo nzuri. Kijana mmoja aliyejulikana kwa jina la Method alikuwa amesimama stendi akiwa na huzuni kubwa sana moyoni mwake. Mara akatokea mama mmoja amebeba boksi la vifaranga, konda akamwambia vifaranga navyo vilipe nauli."

Kiroboto_wa_Magomeni

Hahaha vifaranga vilipe nauli. Hapo umeua mkuu.

Bi_Mhariri

Marahaba. Umeona Kiroboto amecheka wapi?

Sentensi ya kwanza futa yote. Nimewahi kuishi Njombe. Mwezi wa sita alfajiri kuna ukungu na baridi ya kuuma vidole, abiria wamejifunika mablanketi. Hilo jua la madaha limetoka kwenye insha ya darasa la sita. "Aliyejulikana kwa jina la" waachie polisi, andika Method. "Huzuni kubwa sana moyoni mwake" unanitangazia tu, mimi sijaiona. Method anafanya nini pale stendi? Ameshika nini? Tiketi yake ni ya kwenda wapi?

Sentensi ya tatu ni yako, umeisikia dirishani kwako. Anzia hapo.

Mkata_Tiketi

Nimemwomba kocha ukurasa aliosahihisha kama ulivyosema. Amenijibu kwa namba ya kulipia. Nimetoka kwenye grupu.

Nimejaribu tena:

"'Na hawa?' konda aliuliza, akigonga boksi kwa kalamu. Ndani vifaranga vikaanza kelele. 'Hawa nao wana nauli yao, mama.' Method alikuwa na elfu moja iliyobaki. Akaitoa."

Bi_Mhariri

Mbona anamlipia mtu asiyemjua na hana pesa nyingine? Usinijibu hapa. Jibu kwenye ukurasa wa pili, kisha uulete.