Kipimo kimeonyesha malaria lakini utosi umevimba, bibi anasema degedege. Tungoje?

Mjomba_Kilosa: Wakuu, naomba ushauri wa haraka. Mtoto wa dada yangu, miezi 8, ana homa kali tangu jana. Zahanati walimpima, malaria ikaonekana, tukapewa dawa ya mseto. Leo anatapika kila akimeza, ziwa hataki, na ukimbeba ndiyo analia zaidi. Utosi umejaa, ukigusa umekaza. Asubuhi alistukastuka mkono na mguu wa upande mmoja. Bibi yake anasema ni degedege, akichomwa sindano atakufa, afukizwe kwanza. Tungoje mseto ufanye kazi?

NesiMstaafu: Msingoje hata saa moja. Utosi kuvimba mtoto akiwa ametulia, pamoja na homa na kustuka, tunauhesabu homa ya uti wa mgongo mpaka hospitali iseme vingine. Malaria kuonekana hakuiondoi. Huku kwetu mtoto anaweza kuwa na vyote viwili. Na msitafute shingo iliyokakamaa, kwa watoto wachanga na wa umri huo mara nyingi haikakamai. Kama hospitali ni mbali, piteni zahanati achomwe sindano ya kwanza ya antibayotiki na apewe rufaa. Akistuka njiani mlazeni ubavu, msimtie kitu mdomoni.

Bibi msimdharau. Mwambieni degedege ameiona kweli, hospitali wanatafuta kinachoileta. Aende naye.

Baba Twaha: Pole sana mkuu. Wakitaka kuchukua maji ya mgongoni, dada asikatae. Mtaani wanasema sindano ile inapoozesha. Inachomwa chini kabisa, usawa wa nyonga, ambako uti wa neva wenyewe umeshaishia. Bila maji hayo daktari hajui anapambana na bakteria gani.

Mjomba_Kilosa: Tumelazwa. Maji yametoka na ukungu kama ya kuoshea mchele. Wameanza antibayotiki ya seftriaksoni ya mshipa bila kusubiri majibu ya maabara, na sindano ya malaria pia. Bibi ndiye amempakata. Je, sisi tunaoishi naye?

NesiMstaafu: Alhamdulillah mmewahi. Inategemea majibu. Ikiwa ni bakteria anayeitwa meningokoko, mnaolala naye chumba kimoja mtapewa dawa ya kinga, mara nyingi siprofloksasini dozi moja. Daktari aamue, msikimbilie duka la dawa. Ikiwa ni bakteria mwingine, nimokoko, kwa kawaida haihitajiki. Angalieni kadi ya kliniki: chanjo za pentavalenti na PCV za wiki ya 6, 10 na 14 alizipata zote? Hizo zinakinga Hib, bakteria mwingine wa ugonjwa huu, na aina nyingi za nimokoko, lakini si meningokoko.

Bi_Mkunazini: Chanjo ya meningokoko ndiyo tunayochomwa tukienda Hija, ile ya ACWY, angalau siku 10 kabla ya kuingia Saudia.

MamaWawili: Mjomba, kabla hamjaruhusiwa ombeni masikio yapimwe, hata kama mtoto anacheka na kunyonya vizuri. Mtoto wa jirani yangu alipona, shuleni wakamwona mkaidi haitiki akiitwa, kumbe hasikii. Baada ya ugonjwa huu sikio la ndani linaweza kuota mfupa, na likishaota kifaa cha kusikia cha kupandikiza kinakuwa kigumu kuwekwa. Muhimbili wanapandikiza tangu 2017, ila wanahitaji kumwona mapema. Msikubali kuambiwa "mrudini akifika miaka miwili".