Canelo na Crawford alfajiri ya Jumapili: kilo sita zinatosha kumzamisha Crawford? (mjadala wa kabla ya pambano, mwaka 2025)

Mwana wa Mlandege

Asalaam alaykum wana ngumi. Pambano la Canelo Álvarez na Terence Crawford ndilo hilo linakuja, Las Vegas tarehe 13 Septemba 2025, kwetu itakuwa alfajiri ya Jumapili tarehe 14. Mikanda yote minne ya ubingwa wa uzito wa kilo 76.2 inagombewa. Huku barazani watu wamegawika. Kambi ya Canelo wana hoja moja tu: Crawford pambano lake la mwisho alipigana kwenye kilo 69.8, anaruka daraja zima la katikati, kwa hiyo mkubwa atammeza mdogo. Mifano yao ni Amir Khan 2016 na Jermell Charlo 2023, waliopanda uzito wakapigwa na Canelo. Kambi ya Crawford nao wanasema kacheza 41 kashinda 41, basi. Mimi zote mbili naziona hoja za kahawa. Mjuzi anieleze: uzito peke yake unaamua? Kama hauamui, nitizame nini?

Kona Nyekundu

Waalaykum salaam. Uzito una kazi yake, ila mfano wa Khan uwekeni pembeni. Khan raundi za mwanzo alikuwa anamsumbua Canelo kwa kasi, akaja kulala raundi ya 6 kwa konde la kulia. Kidevu chake kilijulikana zamani: Breidis Prescott alimmaliza raundi ya kwanza 2008, Danny Garcia akammaliza 2012, na hao walikuwa wa uzito wake mwenyewe.

Mfano unaofaa ni Charlo, kwa sababu aliruka vilevile kutoka 69.8 kwenda 76.2. Hakupigwa KO, yaani kulazwa asiinuke. Aliangushwa raundi ya 7, akainuka, akamaliza zote 12. Majaji walitoa 119-108, 118-109 na 118-109. Kilichomponza: alipoonja makonde ya mbavuni aliacha kurusha. Asiyerusha hana raundi.

Sasa nenda kwenye miguu. Crawford anaweza kupigana pande zote mbili, lakini muda mwingi anasimama kishoto, mguu wa kulia mbele. Canelo mguu wake wa mbele ni wa kushoto. Hapo miguu ya mbele inakabiliana kidole kwa kidole, na jebu, yaani makonde ya mkono wa mbele, zinagongana njiani. Anayefanikiwa kuutoa mguu wake nje ya mguu wa mwenzake ndiye anayepata njia ya mkono wa nyuma: Crawford wa kushoto, Canelo wa kulia. Tizama vidole vya miguu kwa raundi mbili za mwanzo, usitizame mikono. Canelo akiwa anakanyaga nje na Crawford anarudi nyuma kwa mstari ulionyooka mpaka kamba zinamgusa mgongo, pambano litakuwa refu kwa Crawford.

Jambo la pili ni ini. Liko upande wa kulia, na mwenye kusimama kishoto upande huo ndio ameutanguliza. Kwa hiyo konde la kushoto la Canelo la pembeni lina safari fupi kufika pale. Kiwiko cha kulia cha Crawford kikiinuka kila anaporusha jebu, hapo ndipo atakapoadhibiwa. Na asiiname kukwepa. Billy Joe Saunders naye alikuwa wa kushoto, 2021 aliinama akakutana na ngumi ya kulia inayopanda kutoka chini, mfupa wa kuzunguka jicho ukavunjika, akashindwa kutoka kwenye kona baada ya raundi ya 8.

Kwa maoni yangu Crawford kwa pointi, lakini kwa nyembamba.

Bi Shangani

Kona Nyekundu umesema vizuri, ila umemwonea huruma Crawford. Kabla ya pambano lake la mwisho, na Israil Madrimov, alikuwa amewamaliza watu 11 mfululizo kabla ya kengele ya mwisho, Errol Spence akiwemo. Alipopanda hadi 69.8 tu, Agosti 2024, akafika raundi 12 na Madrimov, 116-112 na 115-113 mbili. Nguvu zimeshapungua daraja moja juu, leo anaongeza mbili. Halafu ana miaka 37, na hajapanda ulingoni tangu siku hiyo.

Na yakhe, msisahau kwamba Canelo akikosa kichwa anapiga mkono. Callum Smith 2020 alitoka na msuli wa mkono wa kushoto umeumia kwa kukinga tu. Ukikinga makonde ya mtu wa kilo 76 kwa mikono ya kilo 69, raundi ya 8 mikono inashuka yenyewe. Canelo kwa pointi, raundi nane kwa nne.

Kona Nyekundu

Bi Shangani, la mikono nakubali. La nguvu, Canelo mwenyewe hajammaliza mtu tangu Caleb Plant, Novemba 2021. Na tizama anavyorusha. Na Dmitry Bivol 2022 alirusha makonde 495, mwenzake 710, akapoteza 115-113 kwa majaji wote watatu. Mwezi Mei 2025 na William Scull alirusha 152 tu kwa raundi 12 nzima! Alishinda kwa sababu Scull alikuwa anakimbia. Ukimpa Crawford nafasi ya namna hiyo, jebu ya kulia na ya kushoto nyuma yake, raundi zinakwenda kimyakimya.

Mwana wa Mlandege

Nimeelewa. Swali jengine: tukihesabu wenyewe barazani kila siku tunatoka na ugomvi. Tunakosea wapi?

Baharia wa Mkoani

Mnakosea kwa kuhesabu kelele. Visiwani Zanzibar ngumi zilikuwa marufuku tangu 1964, ulingo umerudi 2023, na wengi tulizoea kungoja KO tu. Kuhesabu pointi ni kazi nyengine.

Chukua karatasi, piga mistari 12. Mshindi wa raundi anapata 10, mwenzake 9. Aliyeangushwa kwa kawaida anapata 8. Andika ndani ya ile dakika moja ya mapumziko na usirudi kufuta. Watu wengi wakiona raundi ya 11 imekuwa tamu wanarekebisha ya 3. Konde lililotua kwenye glavu au kwenye mkono si pointi, hata ukumbi uruke. Kwa Canelo hili ni muhimu hasa, maana mashabiki wake wanashangilia kila kitu. Zima sauti ya mtangazaji.

115-113 ni raundi saba kwa tano, 116-112 ni nane kwa nne, kama hakuna aliyeanguka. Na mjue Las Vegas Canelo ana historia ya kubebwa na majaji: 2013 jaji mmoja alimpa sare ya 114-114 na Mayweather, 2017 mwengine akampa 118-110 dhidi ya Golovkin. Kwa hiyo Crawford akishinda raundi saba za mashaka mkanda hatuuoni. Anahitaji saba za wazi.

Bi Shangani

Hapo Baharia umenipa hoja bila ya kujua. Crawford saba za wazi mbele ya Canelo atazitoa wapi?

Mwana wa Mlandege

Na saa ngapi?

Baharia wa Mkoani

Matangazo yanaanza saa kumi alfajiri, lakini mapambano ya utangulizi ni mengi. Wakubwa hawategemewi kabla ya saa kumi na mbili. Mtakwenda msikitini na kurudi, hamtakosa kitu.