Seva haipati diski iliyosimbwa baada ya umeme kukatika

Swali (Kisumu)
Wataalamu, hamjambo. Ninatunza seva ya Debian katika zahanati moja hapa Kondele. Diski zake mbili zimeunganishwa kuwa safu moja kwa RAID 1 (kila diski ina nakala ile ile) ya mdadm, programu ya kusimamia safu za diski, na juu ya safu hiyo kuna LUKS, yaani usimbaji wa diski unaofunguliwa kwa nenosiri, inayobeba mfumo wenyewe pamoja na rekodi za wagonjwa. Umeme ulipokatika na kurudi, mfumo haukuuliza nenosiri. Ulilalamika kwamba /dev/md0 haipo, kisha ukaniacha kwenye (initramfs). Katika /proc/mdstat, faili inayoonyesha hali ya safu, naona md127 yenye alama [UU]. Je, rekodi zingali salama?

Jibu (Nakuru)
Pole, ndugu. Alama [UU] inaonyesha kwamba diski zote mbili zimo ndani ya safu. Kilichobadilika ni jina. Initramfs ni mfumo mdogo unaotangulia kuwaka, nao hubeba nakala yake ya mdadm.conf, faili ya mipangilio ya safu. Safu isiyotajwa humo kwa kawaida hupewa namba 127, ndiyo maana crypttab, faili inayoorodhesha diski zilizosimbwa za kufunguliwa, inatafuta md0 bila kuipata.

Andika cryptsetup open /dev/md127 ikifuatwa na jina lile lile linaloanza mstari wake katika crypttab, weka nenosiri, kisha exit. Mfumo ukiwaka, endesha mdadm --detail --scan, utie mstari wa ARRAY katika /etc/mdadm/mdadm.conf, na katika crypttab uweke UUID (namba ya utambulisho isiyobadilika hata jina likibadilika) badala ya /dev/md0. Malizia kwa update-initramfs -u -k all, kwa kuwa bila hiyo nakala ya zamani ndiyo itakayoendelea kusomwa.

Jibu (Kakamega)
Naongeza kuhusu UUID, kwa sababu ni rahisi kuchanganya. Ile inayotolewa na mdadm ni ya safu. Crypttab inahitaji ya LUKS, ambayo utaipata kwa blkid /dev/md127, penye crypto_LUKS.

Tafadhali usijaribu kamwe mdadm --create wala luksFormat kwa matumaini ya kurekebisha. Funguo za diski hukaa katika kichwa cha LUKS, yaani sehemu yake ya mwanzo, na kikifutwa na amri kama hizo, hata nenosiri sahihi halitakusaidia. Chukua nakala yake kwa cryptsetup luksHeaderBackup, uiweke nje ya seva, mahali panapofungwa kwa kufuli: mwenye nakala hiyo na nenosiri la zamani anaweza kuifungua diski hata baada ya wewe kulibadilisha.

Muulizaji
Nashukuru sana. Mstari wa ARRAY haukuwemo kabisa. Nimeutia, nimewasha seva upya, na sasa inauliza nenosiri kama kawaida. Nakala ya kichwa imo kwenye sefu ya zahanati.