Tunalipia bando bei moja na watu wa mjini, halafu tunaambiwa tusogee dirishani! Wakazi wa Bugarika tumechoka

Wakuu, heshima kwenu. Mods, naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa bando kuisha haraka. Mimi bando langu haliishi, maana halitumiki.

Nakaa Bugarika, Mwanza, huku juu kwenye mawe. Ndani kwangu mtandao haushiki, simu ni tochi tu. Unapigiwa, mwenzio anaambiwa hupatikani, na wewe simu umeishika mkononi. Ujumbe wa benki wenye namba ya kuthibitisha muamala unaingia muda wake umeshapita. Juzi shemeji yangu alikuwa ananunua umeme wa LUKU kwa simu, kafika kwenye kuweka namba ya siri, menyu ikakata. Hela imekwenda au haijakwenda? Ikabidi atoke na taulo begani hadi kwenye jiwe lililo nyuma ya choo ndipo ajue. Jiwe hilo jioni lina foleni. Kuna mama anauza dagaa anapokea oda zake pale, na ukikuta amekaa unasubiri kwa adabu, kwa sababu hatua mbili kushoto hakuna kitu.

Huduma kwa wateja sasa. "Mpendwa mteja, zima simu kisha uwashe." Sawa. "Mpendwa mteja, sogea karibu na dirisha." Sawa. Mwisho dada wa watu ananiambia ni hali ya hewa ya ziwani. Dada yangu, mvua haiui masafa ya simu namna hiyo, na siku hiyo jua lilikuwa linachoma mpaka kenge wamejificha! Nikamuuliza kama wanayo huduma ya kupiga simu za kawaida kupitia Wi-Fi, akaniuliza, "Unamaanisha WhatsApp?" Nikakata mwenyewe, safari hii siyo mtandao.

Tatizo linajulikana. Mnara wao uko upande wa pili wa mlima, na mawimbi hayatoboi mwamba wa Mwanza. Yale machache yanayozunguka yakafika yanakutana na bati, na bati ni chuma, linayarudisha yalikotoka. Ongeza tofali na vile vioo vya rangi vyenye utando wa metali. Tena masafa ya chini, ya megahezi 700 hadi 900, yanapenya kuta vizuri kuliko ya 1800 au 2600. Ndiyo maana unaona alama ya 4G inakuja na kupotea, ukiishusha simu kwenye 3G au 2G angalau unaongea.

Msiamini vile vijiti vya juu ya skrini, kila simu inavichora inavyotaka. Kwenye Android nyingi ingia mipangilio, kuhusu simu, kisha hali ya laini, utaona namba yenye alama ya kutoa, ndiyo nguvu ya mtandao kwa desibeli (dBm), na ikikaribia sifuri ndiyo nzuri. Sebuleni kwangu inasoma -115, juu ya jiwe -88. Kila desibeli 10 ni nguvu mara 10, kwa hiyo pale nje napata karibu mara 500 ya ninachopata kwenye kochi. Halafu mtu anashangaa chaji haifiki jioni. Simu inapiga kelele kwa nguvu zake zote kuutafuta mnara, itafikaje?

Kilichonishusha kidogo presha ni rauta ya laini yenye matundu ya antena. Antena nimeifunga nje juu ya bomba, imeangalia mwanya kati ya mawe mawili, Wi-Fi inaingia ndani. Intaneti ipo. Lakini simu za kawaida na menyu za pesa bado ni jiweni, na hela yote imetoka mfukoni mwangu, siyo mwao.

Na ninyi mnaouza "boosta" mjini, ile stika ya dhahabu ya kubandika nyuma ya simu ni wizi, nukta. Boosta halisi ni mashine yenye antena ya nje na ya ndani, na zikikaribiana inaanza kujisikia yenyewe na kuvuruga mnara mtaa mzima. Vifaa vya namna hiyo vinatakiwa viwe vimethibitishwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Usifunge kitu cha uchochoroni ukaja kulia hapa.

Kabla hamjaniambia "hama mtandao": najua tangu 2017 unahama na namba yako. Nimeweka laini za majirani kwenye simu yangu, hapa kwetu zote zinachechemea. Alama za vidole vyangu wanazo, wanajua ninapoishi, watuletee mnara mdogo upande huu.

Wa Bugarika, Igogo, Mabatini na Isamilo, wekeni hapa chini namba ya ndani, namba ya nje na mtandao mnaotumia. Nitachapa niwapelekee kwa mkono ofisini kwao, nasikia kule ndani mtandao unashika vizuri sana. Wauza stika msinifuate PM.